Zuhura na Mshtarii bega kwa bega alfajiri ya leo: hii nukta ya tatu kwenye picha yangu ni nini?

#1 Kipanga wa Raskazone (Jumanne 12 Agosti 2025, saa 1:14 asubuhi)

Wakuu, habari za asubuhi.

Alfajiri nilikuwa ufukweni hapa Tanga nasubiri mashua, nimechelewa kupata samaki lakini nimepata kingine. Mashariki, ukisogea kidogo kaskazini, kulikuwa na nyota mbili kubwa zimekaa usawa mmoja, ya kulia inawaka kuliko ya kushoto. Kwamba ni sayari za Zuhura na Mshtarii sina ubishi, hilo limetangazwa wiki nzima. Nikatoa simu, nikaegemea ukuta, nikapiga picha mbili kwa modi ya usiku: moja saa 11:31, nyingine saa 11:32.

Sasa zitazameni. Kwenye ya kwanza kuna nukta ndogo ya kijani, chini kushoto ya hizo mbili. Kwenye ya pili nukta iko chini kulia. Mimi kwa macho sikuona kitu. Mpwa wangu niliyekuwa naye anaapa kwamba aliiona, na ilikuwa inakwenda.

Ni nini? Naomba wanaojua. Wale wa "ngoja waje" wakae pembeni.

#2 Ngoja Waje (saa 1:16)

Ngoja waje.

#3 Mkazi wa Dodoma (saa 1:52)

Mkuu umewahi siku yenyewe. Leo ndiyo zimekaribiana kuliko siku zote za mkutano huu, kasoro kidogo ya digrii moja. Ukinyoosha mkono ukaweka kidole cha mwisho mbele ya jicho, unazifunika zote mbili.

Ya kulia ndiyo Zuhura, inang'aa karibu mara saba kuliko Mshtarii. Watu wengi hudhani iliyo kali ndiyo kubwa. Mshtarii ndiyo sayari kubwa kuliko zote, ila iko mbali: leo ni karibu kilomita milioni 880 kutoka kwetu, Zuhura ni kama milioni 190. Mwanga wa Zuhura uliokufikia pale ufukweni uliondoka kule dakika kama 10 kabla, wa Mshtarii uliondoka dakika kama 49 kabla. Kwa hiyo hazijagusana wala hazijakaribiana kwa umbali, zimepangana tu kwenye mstari wa macho yetu.

Kuhusu nukta ya kwanza, ya chini kushoto: pale ndipo walipo Pollux na Castor, nyota mbili za kundi la Mapacha. Saa 11:31 kwa Tanga zilikuwa zimeshachomoza, ziko chini. Mimi nasema ni Pollux.

#4 Lenzi Chafu (saa 2:05)

Pollux ya kijani umeiona wapi, Mkazi? Ile inaelekea rangi ya chungwa.

Hiyo ni taswira ya taa ndani ya lenzi. Simu zina vioo kadhaa vimepangana mle ndani, taa kali ikiingia kwa pembeni mwanga unadunda kati ya vioo na unatua upande wa pili wa picha ukiwa nukta, mara nyingi ya kijani au ya buluu kwa sababu ya dawa iliyopakwa juu ya vioo. Namna ya kupima ni rahisi: chora mstari kutoka kwenye taa kupita katikati kabisa ya picha. Ukikuta nukta upande wa pili, umbali uleule, kesi imekwisha. Kwenye picha ya kwanza naona taa ya mtu juu kulia. Nukta iko chini kushoto. Unataka ushahidi gani tena?

#5 Kipanga wa Raskazone (saa 2:20)

Lenzi Chafu, nimechora. Picha ya kwanza inakubali. Lakini ya pili nilisogea makusudi ili taa isiingie, na kweli haimo, ila nukta ipo. Hapo unasemaje?

#6 Mhenga wa Kahawa West (saa 2:31)

Nyinyi mna bahati ya bure. Nairobi mwezi wa nane ni wingu tangu Juni, hata jua lenyewe tunaliona kwenye picha. Nimeamka saa kumi na moja, nimepanda juu ya paa na blanketi, nikakuta kijivu kutoka Ngong hadi Thika. Nikarudi kulala.

Lakini sinung'uniki. Jumapili tumempiga Morocco pale Kasarani, nyota zangu niliziona uwanjani.

#7 Ngoja Waje (saa 2:33)

Mkenya tangu Jumapili hana habari nyingine. Hata kwenye uzi wa sayari ameingiza mpira.

#8 Fundi Ndege (saa 2:58)

Naona mmesahau jambo la wazi. Ndege ina taa nyekundu ncha ya bawa la kushoto na ya kijani ncha ya bawa la kulia. Hii ni sheria ya dunia nzima, haibadiliki kwa nchi. Ukiona kijani peke yake, unatazama ubavu wa kulia wa ndege, na pua yake imeelekea mkono wako wa kulia. Sasa soma maelezo ya mwenye uzi: nukta imetoka kushoto imekwenda kulia. Mpwa wake ameiona ikienda. Imekubali kila kitu.

#9 Baharia Mstaafu (saa 3:40)

Fundi Ndege, mabaharia ndio waliowapa hiyo kanuni ya taa. Meli nayo ina kijani kulia na nyekundu kushoto. Na pale Tanga kuna bandari. Meli ikipita nje ya ghuba ikielekea kusini, mtu aliye ufukweni anaona... hapana, ngoja. Ikielekea kusini yeye yuko upande wake wa kulia. Ndiyo, ataona kijani, na itakwenda kulia kwake. Imekaa sawa.

Au kama siyo meli, kuna mnara wa taa wa Ulenge, uko upande huohuo wa kaskazini mashariki. Wageni wa Tanga hawaujui.

#10 Mkazi wa Dodoma (saa 4:15)

Mzee wetu Baharia, shikamoo. Tatizo ni kimo. Saa 11:31 Zuhura ilikuwa juu ya upeo kwa digrii kama 17. Ngumi ya mkono ulionyooka ni digrii kama kumi, basi ni ngumi moja na nusu na zaidi. Nukta iko karibu katikati ya sayari na bahari, digrii saba au nane hivi. Meli ya kukaa hapo ingekuwa inapaa. Mnara wa Ulenge vivyo hivyo, na mnara hautembei.

Nimefikiria tena suala la nukta kuhama. Kwa dakika moja anga linazunguka robo ya digrii tu, nyota haiwezi kuruka kutoka kushoto kwenda kulia. Hilo nakubali. Lakini nani kasema ni nyota ileile? Chini kulia ya Zuhura, wakati huohuo, kuna nyota nyingine, Procyon. Na Kipanga amesema alisogea. Kama kulikuwa na vipande vya wingu, picha ya kwanza inaweza kuwa na Pollux na Procyon imefunikwa, na ya pili kinyume chake.

#11 Lenzi Chafu (saa 4:19)

Sasa nyota zimekuwa mbili, zote za kijani, zinapokezana zamu. Mkazi unaipenda sana hiyo hoja yako.

#12 Bint Wete (saa 5:02)

Assalaam alaykum jamani. Mimi niko Pemba, kwa hiyo yupo mtu ng'ambo ya hiyo bahari mnayoitazama.

Zuhura tunaijua sana huku, wazee wakitoka kwenda msikitini wanaitazama. Babu yangu aliadhini miaka mingi, na saa hakuiamini hata alipopewa. Alitufundisha kwamba zipo alfajiri mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: mwanga mrefu unasimama wima mashariki, kisha giza linarudi. Ya pili ni ya kweli, mwanga unatandaa upande kwa upande juu ya upeo. Swala na kufunga vinafuata ile ya pili.

Nauliza wataalamu: ile ya uongo inatokana na nini hasa? Na je, inaweza kuharibu picha?

#13 Mkazi wa Dodoma (saa 5:20)

Wa alaykum salaam Bint Wete. Babu alikuwa sahihi. Alfajiri ya uongo ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililotapakaa katikati ya sayari, kwenye bapa lilelile ambalo sayari zote zinazungukia. Ndiyo maana Zuhura na Mshtarii huonekana zimekaa ndani ya huo mwanga wenyewe. Kwa leo usingeuona vizuri, mwezi ulikuwa bado mkubwa upande wa magharibi, karibu na sayari ya Zohali. Mwezi ukishaisha, karibu na tarehe 23, jaribu tena mahali pasipo na taa. Kwenye picha hauharibu kitu, wapo watu wanaoutafuta makusudi.

#14 Jembe la Mvomero (saa 5:44)

Kama mko kwenye anga la alfajiri, msiipite Kilimia. Iko juu zaidi ya hizo sayari, upande wa kaskazini, kishada cha nyota ndogo. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Mimi nilidhani ni maneno tu mpaka nilipoanza kulifuatilia. Kinapotea magharibi jioni mwezi wa nne kuingia wa tano, katikati ya masika. Kinarudi mashariki alfajiri mwezi wa sita, mvua imekatika. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua.

#15 Mhenga wa Kahawa West (saa 5:50)

Jembe, siku hizi mvua zenyewe hazifuati Kilimia wala idara ya hali ya hewa.

#16 Jembe la Mvomero (saa 5:53)

Hapo ni kweli. Lakini Kilimia hakijachelewa hata siku moja, mvua ndizo zinachelewa.

#17 Zamu ya Usiku (saa 7:10 mchana)

Mimi ni mlinzi, anga nalijua. Hii ya leo ya kawaida sana. Ile ya Desemba 2020, Zuhura na Mshtarii zilishikana kabisa mpaka zikawa nyota moja. Ile ndiyo ya kupigia picha.

Halafu Zuhura mimi huiona hata saa sita usiku, siyo lazima alfajiri.

#18 Mkazi wa Dodoma (saa 7:26)

Zamu, heshima yako, ila yote mawili hapana.

Desemba 21, 2020 zilikuwa Mshtarii na Zohali, na ilikuwa jioni magharibi. Zilikaribiana kwa kama sehemu ya kumi ya digrii. Zuhura na Mshtarii zilizokaribiana sana ni Agosti 27, 2016, jioni pia, chini ya hapo. Kwa alfajiri, ya mwisho kuipita hii ya leo kwa ukaribu ni ile ya mwishoni mwa Aprili 2022, haikufika hata nusu digrii.

Na Zuhura saa sita usiku huku kwetu haiwezekani. Iko ndani ya njia yetu, karibu na jua, hailiachi jua zaidi ya digrii 47. Inatangulia jua asubuhi au inalifuata jioni. Unayoiona katikati ya usiku ni Mshtarii. Desemba iliyopita ilikuwa inawaka usiku kucha, nadhani ndiyo iliyokuzuga.

#19 Zamu ya Usiku (saa 7:31)

Sawa mwalimu. Lakini naapa ilikuwa kali sana.

#20 Mwana Falaki (saa 8:45)

Mnahesabu digrii na lenzi, mnasahau elimu iliyokuja na majahazi. Katika falaki, Mshtarii ni saadi akbari, kheri kubwa, na Zuhura ni saadi asghari, kheri ndogo. Zikikutana ni siku ya kufungua biashara, kuposa, kuanza safari. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu, alikuwa akiyasema haya na watu wakimfuata nchi nzima. Nukta ya tatu msiitafutie ndege, ni ishara kwa mwenye picha.

#21 Kipanga wa Raskazone (saa 8:52)

Mwana Falaki, leo siku ya biashara? Mashua niliyoingoja imerudi na changu wachache na pweza mmoja. Hiyo kheri kubwa imeshuka kwa nani?

#22 Ngoja Waje (saa 8:53)

Imeshuka kwa pweza aliyebaki baharini.

#23 Lenzi Chafu (saa 9:30)

Na mkumbuke hizi mbili hukutana karibu kila mwaka. Nyingine hatuzioni tu kwa sababu zinakutana karibu na jua, kama ya Mei 2024. Kama kila mkutano ungekuwa kheri, sote tungekuwa tumejenga.

#24 Mswahili wa Baridi (saa 10:40 jioni)

Niko Minnesota, kwetu hapa sasa ni asubuhi, na alfajiri nilizipata kupitia dirisha la jikoni. Naomba kuuliza jambo. Mmesema ziko usawa mmoja, Mshtarii kushoto, Zuhura kulia. Huku kwangu Mshtarii ilikuwa juu kushoto, mstari umeinama. Mmoja wetu anaongopa?

#25 Mkazi wa Dodoma (saa 11:02 jioni)

Hakuna anayeongopa. Mshtarii leo iko kaskazini ya Zuhura. Sisi karibu na ikweta tukitazama mashariki, kaskazini iko mkono wa kushoto, kwa hiyo zinalala usawa. Kwako nyota ya kaskazini iko juu angani, basi kaskazini inakuwa juu kushoto, na mstari unainuka. Anga ni lilelile, wewe ndiye umeinama.

#26 Mswahili wa Baridi (saa 11:05)

Kwa baridi ya huku ninayoizoea, kuinama ni lazima. Ahsante mkuu.

#27 Mzanzibari wa Maskati (saa 1:20 usiku)

Nimesoma uzi wote na sijaona aliyeitaja sayari ya Utaridi. Nayo iko mashariki alfajiri siku hizi. Kwa nini nukta isiwe Utaridi?

Huku Oman tunateseka na jasho na vumbi, lakini Zuhura ilipenya. Mshtarii ilibidi nimwonyeshe mke wangu kwa kidole.

#28 Mkazi wa Dodoma (saa 1:41)

Swali zuri. Utaridi leo ilikuwa bado imeganda karibu na jua. Saa 11:31 kwa Tanga ilikuwa ndiyo kwanza inachungulia upeo wa bahari, isingefika kwenye kimo cha nukta. Lakini ingojeni tarehe 19, itakuwa imefika mbali na jua kadiri itakavyofika safari hii, mtaiona chini ya Zuhura.

#29 Lenzi Chafu (saa 2:15 usiku)

Kwa kuwa watu wananijia pembeni wakiuliza namna ya kupiga, naandika hapa mara moja, msinifuate tena.

Simu ya kawaida inatosha. La kwanza ni kuituliza. Modi ya usiku inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, mkono wa binadamu haukai. Stendi ndogo, au iegemeze kwenye tofali na gunia la mchanga. Weka taima ya sekunde mbili, maana hata kugusa kitufe kunatikisa.

La pili, bonyeza kidole juu ya Zuhura ushikilie mpaka fokasi ifunge, kisha shusha mwangaza. Wengi wanaogopa kushusha. Usiposhusha, Zuhura inakuwa donge jeupe linaloimeza Mshtarii. Kama simu inakuruhusu kuweka mwenyewe, anza na ISO 400 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga) na sekunde moja, kisha panda au shuka.

La tatu ni saa, na hapa ndipo ninapogombana na Kipanga. Saa 11:31 ni mapema mno. Jua Tanga linatoka saa 12 na nusu hivi. Picha tamu inapatikana kuanzia saa 11:40 mpaka saa 12 kamili, anga limekuwa buluu, minazi na mashua zinaonekana, na sayari bado zinawaka. Kabla ya hapo unapata nukta mbili kwenye weusi, na mtu yeyote anaweza kuchora hizo kwa kalamu.

Msivute picha kwa kidole kupita uwezo wa lenzi. Simu nyingine zikivutwa zinabuni, zinakuchorea mduara wenye madoa ambao haukuwepo. Nimeona mtu kaleta "uso wa Zuhura" wenye mabonde. Zuhura imefunikwa wingu zito pande zote, hakuna mabonde ya kuonekana.

Wenye kamera na lenzi ya milimita 200 au 300: jaribuni miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. ISO 800, nusu sekunde au chini yake. Ukizidisha sekunde mbili kwa lenzi hiyo, mzunguko wa dunia unazivuta zinakuwa vijistari. Mshtarii yenyewe itaungua iwe nyeupe, hilo kubali. Hata darubini ya mkono ya 10x50 ukiilaza juu ya ukuta inaonyesha hiyo miezi, na Zuhura na Mshtarii zinaingia pamoja kwenye duara moja ukabaki na nafasi.

#30 Mtoto wa Lubumbashi (saa 3:05 usiku)

Asante kwa darasa. Huku Lubumbashi ni kiangazi, wingu hakuna, lakini watu wanachoma majani porini, moshi mtupu. Zuhura asubuhi ilikuwa nyekundu karibu na upeo, ikipanda ndiyo inarudi nyeupe. Na inabadilika rangi haraka, nyekundu, kijani, buluu. Basi kijani si lazima itoke kwenye lenzi. Inaweza kutoka hewani.

#31 Mkazi wa Dodoma (saa 3:12)

Haswa! Ndicho nilichokuwa natafuta. Nyota ikiwa chini, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi, unapindwa na kugawanyika rangi. Procyon ikimetameta inaweza kukamatwa ikiwa kijani. Ahsante sana Lubumbashi.

#32 Lenzi Chafu (saa 3:15)

Kwa picha ya sekunde tatu rangi zote hizo zinachanganyika zinarudi kuwa nyeupe. Lubumbashi aliona kwa macho, simu haioni hivyo.

#33 Fundi Ndege (saa 3:20)

Na mpwa aliyeiona ikitembea mmemtupa wapi? Lenzi haionekani kwa macho ya mtoto.

#34 Lenzi Chafu (saa 3:24)

Na ndege kwa sekunde tatu ingeacha mstari, tena na alama za ile taa nyeupe inayopiga pwa pwa. Hapa kuna nukta safi. Na kwa ndege iliyo mbali vile, kijani cha bawa hakifiki, taa ya kutua ndiyo inayofika, nayo ni nyeupe.

#35 Fundi Ndege (saa 3:26)

Ikiwa inakuja ilipo kamera, inasogea kidogo sana.

#36 Baharia Mstaafu (saa 3:40)

Ikiwa inakuja ilipo kamera ungeona kijani na nyekundu pamoja. Kanuni ni yetu, vijana, msituibie mkaiharibu.

#37 Fundi Ndege (saa 3:41)

...

#38 Kipanga wa Raskazone (Jumatano 13 Agosti, saa 12:50 asubuhi)

Wakuu nimerudi pale pale na stendi ya kuazima. Picha saba zimo hapo chini, kuanzia saa 11:25 mpaka saa 12 kasoro. Jirani nilimwomba azime taa, amezima, kanitazama kama mwizi.

Matokeo: sayari zimehama. Jana zilikuwa usawa, leo Zuhura imeshuka, Mshtarii iko juu upande wa kushoto. Nukta ya kijani haimo kwenye picha hata moja. Chini kushoto naona nyota mbili hafifu nyeupe, na chini kulia moja.

Mpwa naye kabadili maneno. Sasa anasema ile ya jana ilikuwa na mwanga mwingine mdogo nyuma yake.

#39 Mkazi wa Dodoma (saa 1:10)

Mbili za kushoto ni Castor na Pollux, ya kulia ni Procyon. Zipo palepale nilipozitaja. Nimemaliza.

#40 Lenzi Chafu (saa 1:12)

Taa imezimwa, kijani kimetoweka. Nimemaliza mimi.

#41 Fundi Ndege (saa 1:15)

Mwanga mdogo nyuma, mtoto kaitaja taa ya mkiani bila kujua. Aliyemaliza ni mimi.

#42 Kipanga wa Raskazone (saa 1:30)

Lenzi Chafu, kwenye picha ya pili ya jana taa haikuwemo. Hilo bado hujanijibu.

#43 Lenzi Chafu (saa 1:38)

Taa ikiwa nje kidogo ya ukingo wa picha bado inaingiza mwanga kwenye kioo. Jaribu kesho, iwashe, isimamishe nje ya fremu. Na ufute lenzi kwa kitambaa, chumvi ya bahari imejaa hapo.

#44 Mkazi wa Dodoma (saa 1:44)

Na Kipanga akiiwasha asiguse kitu kingine. Saa ileile, sehemu ileile.

#45 Kipanga wa Raskazone (saa 1:47)

Jirani hataki kunisikia tena, labda nimpelekee samaki.

#46 Bint Wete (Jumatano 20 Agosti, saa 12:58 asubuhi)

Jamani leo mwezi mwembamba umekaa na Zuhura, Mshtarii juu yao. Nimefuata maelekezo ya Lenzi Chafu, saa 11:50, simu juu ya tofali. Tazameni mnazi ulivyotoka mweusi na upande wa giza wa mwezi unaonekana kijivu. Na chini kabisa nadhani ni Utaridi.

#47 Mkazi wa Dodoma (saa 1:05)

Ndiyo yenyewe. Na ule ukijivu ni mwanga wa dunia yetu unarudi kwenye mwezi. Picha bora ya uzi huu, Kipanga asikasirike.

#48 Mhenga wa Kahawa West (saa 1:20)

Hongera Bint Wete. Huku wingu. Mkutano mwingine wa hizi mbili ni lini, nipange likizo?

#49 Mkazi wa Dodoma (saa 1:26)

Juni 9, 2026, jioni magharibi. Hazitakaribiana kama safari hii, ila hutahitaji kuamka.

#50 Zamu ya Usiku (saa 2:02)

Mimi nauliza hiyo stendi aliyoazima Kipanga inauzwa shilingi ngapi na inapatikana wapi. Simu yangu ni nzito, nyingine za kichina zinainama.